Wodi Iliyokamilika

Bi Vidole alifika ofisini kabla ya wenzake, akafuta meza kwa kitambaa, akawasha kompyuta, akaiacha ikohoe mpaka itulie, ndipo akamimina chai. Yeye alikuwa mjaza taarifa wa shirika moja dogo lenye miradi mitatu: kisima, darasa na wodi ya wazazi. Jina hilo alipewa kwa sababu vidole vyake vilikuwa vyepesi kama vya mtu anayechambua mchele huku akipiga soga.

Kila mradi ulikuwa na ukurasa wake kwenye mfumo, na kila ukurasa ulikuwa na visanduku vyake vya kujaza. Kisima kilikuwa na kisanduku cha Ndoo. Darasa lilikuwa na cha Madawati. Wodi ilikuwa na cha Vitanda. Halafu kila mradi ulikuwa na kisanduku chake cha Hali: ukiandika Inaendelea kinakuwa njano, ukiandika Imekamilika kinakuwa kijani. Kila mtu na chake, kama wake wenza wenye akili, na hapakuwa na ugomvi.

Aliyeuleta ugomvi ni mkurugenzi. Huyo wafanyakazi walimwita Kijani, maana akiiona rangi hiyo kwenye kioo cha kompyuta anakula vizuri, na akiona njano anaumwa kichwa. Alikuja akasimama nyuma ya kiti cha Bi Vidole.

"Mama, kwa nini nifungue kurasa tatu ili nijue habari za nyumba moja?"

"Kwa sababu ni habari tatu, bosi."

"Sisi ni familia. Watu wa familia hawafichani vyombo. Hivi visanduku viwe vya wote."

Akaitwa fundi wa mfumo. Alieleza bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake. "Inawezekana. Ila kikishakuwa cha wote, kinakuwa kimoja. Ukiandika huku, umeandika na kule."

"Si ndiyo raha yake," akasema Kijani.

Fundi akabonyeza mara moja, akaenda zake.

Asubuhi iliyofuata kisimani palikutwa madawati, yamepangwa safu kwa safu kuzunguka tundu. Wachota maji wakakaa wawili wawili wakisubiri kisima kimalizike kuchimbwa, na waliochelewa wakakaa nyuma. Darasani vikakutwa vitanda. Mwalimu alipiga simu, si kulalamika, bali kuuliza kama na mashuka yanakuja, kwa kuwa kipindi cha hesabu watoto walikuwa wanalala hata kabla ya vitanda. Wodini zilifika ndoo na madawati, na mkunga akachagua dawati moja zuri akalifanya lake. Bi Vidole aliyaandika yote hayo akaendelea na chai. Mwanamke aliyelea watoto kwa mshahara wa kujaza taarifa hashtuliwi na dawati.

Kilichomkosesha usingizi kilikuwa kingine. Kitinda mimba wake alikuwa na mimba yake ya kwanza, mwezi wake ndio ule, na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Mkunga alishampapasa akasema wazi: "Huyu asizalie nyumbani. Mleteni wodini, mkono wangu uwe karibu." Na wodi ilikuwa imesimama kuta tu, haina paa. Fundi mwashi alikuwa akipandisha tofali za mwisho, bati zimelala chini zikingoja zamu yao.

Basi darasa likapata milango na ubao, na kisima kikatoa maji. Bi Vidole akafanya alichokifanya siku zote: akafungua ukurasa wa kisima, kwenye Hali akaandika Imekamilika. Kurasa zote tatu zikawa kijani kwa mpigo mmoja. Mkurugenzi akaagizia ofisi nzima soda.

Soda hazijaisha, fundi mwashi akaingia na saruji kwenye nyusi.

"Mama, wodi inanikataa."

"Inakukataaje, baba?"

"Naweka tofali, linashuka chini taratibu, kama mgeni aliyeambiwa wenyeji wamesafiri. Napandisha bati, linateremka lenyewe, linajilaza na wenzake. Nikadhani mchanga mbaya. Mchanga mzuri."

"Wodi imekamilika," akasema Bi Vidole.

"Haina paa."

"Ndiyo. Imekamilika bila paa. Paa halina kisanduku."

Fundi akalitafakari neno hilo, akaona halina kasoro. "Haya, kazi ikiisha imeisha," akasema, akaanza kukusanya mwiko wake.

"Ngoja kwanza, baba." Bi Vidole akarudisha Hali kuwa Inaendelea, akamtuma ajaribu tena. Tofali likashika. Lakini simu nazo zikaanza kulia. Darasani milango ilikuwa imeng'oka ikarudi kwa seremala, na ubao umebaki mbao tupu. Kisimani maji yalikuwa yamezama yakaenda zake, na wanawake kwenye madawati wamebaki wakitazama ndoo. Bi Vidole akasikiliza mpaka mwisho. Wodi yake ingepata paa kwa kiu ya watu wa watu. Akaandika tena Imekamilika, na kule wodini tofali la fundi likateremka.

Akaenda kwa mkurugenzi, jambo ambalo hakulizoea.

"Bosi, naomba kisanduku cha Hali kitenganishwe. Kila mradi uwe na hali yake. Mwanangu anajifungua mwezi huu, na wodi haina paa."

Kijani akamgeuzia kioo. "Soma hapo, mama."

"Imekamilika."

"Umesoma vizuri. Wageni wanaotusaidia wanakuja kuona. Unataka wakute njano?"

"Nataka wakute paa."

"Paa ni jambo dogo la mradi mmoja. Mimi naangalia miradi yote." Akacheka kwa upole. "Usiwe na hofu. Mwanao atazalia kwenye wodi iliyokamilika. Ni wangapi wana bahati hiyo?"

Uchungu ulimshika binti asubuhi moja, akiwa anaanika nguo. Bi Vidole na jirani wakamshika huku na huku mpaka wodini. Walimkuta mkunga amekaa nje, katikati ya njia, juu ya dawati lake, glovu mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona uko nje?"

"Ndani hakuna kazi. Muingize uone mwenyewe."

Wakamuingiza. Mguu wa binti ulipovuka kizingiti, uchungu ukakatika. Akanyooka, akajifuta jasho, akachagua kitanda chenye kivuli cha ukuta, akauliza kama kuna chai. Tumbo lake lilitulia kama mzigo uliowekwa stoo. Kwenye kitanda cha pili alikuwapo mjamzito mwingine, anasuka nywele zake polepole.

"Yule tangu juzi yumo humo, anastarehe," mkunga akasema kutoka nje. "Wodi imekamilika, mama. Humo hakiendelei kitu. Watu wanazalia hapa njiani."

"Kwa nini njiani?"

"Njia haijaandikwa popote. Si mradi wa mtu."

Bi Vidole akamtazama mwanawe. Akamuuliza mkunga, "Na mtoto aliyekaa vibaya, akikaa humo?"

"Atakaa hivyo hivyo vibaya, kwa utulivu."

Akamshika binti mkono. "Haya, toka, mama."

"Humu hakuumi, mama."

"Ndiyo maana nakwambia utoke."

Uchungu ulikuwa unamngoja mlangoni pale pale ulipomwacha. Wanawake waliokuwa pale njiani wakazungusha mashuka, mkunga akapiga magoti, akaingiza mkono, akaanza kumbembeleza mtoto ageuke, kwa sauti ya mtu anayebishana bei na hataki kumuudhi muuzaji.

Ndipo gari la wageni likafika. Wakashuka, wakalipita duara la mashuka kwa adabu, wakiomba radhi kwa kuziba njia. Wakaingia wodini. Wakasifu usafi. Wakasifu hewa, wakasifu mwanga, wakasema hawajapata kuona wodi ya wazazi isiyo na kelele namna ile. Mmoja akamuuliza mwenye kusuka nywele anaonaje huduma, naye akajibu kuwa hana neno. Wakapiga picha, wakahakikisha mbingu haitokei.

Kijani akatoka wa kwanza. Akakisikia kilio nyuma ya mashuka, akamvuta Bi Vidole kando.

"Hapa njiani kuna kazi inafanyika."

"Ndiyo, bosi."

"Watoto wengi?"

"Wote."

Kijani akatikisa kichwa kama mtu aliyegundua anaibiwa. "Na hatujaiweka kwenye mfumo. Iingize sasa hivi, wageni waone tunavyokua. Mradi wa nne, Njia. Visanduku ni vile vile, si tunachangia."

"Bosi, mwanangu yuko hapo."

"Nimemuona. Hongera sana. Ingiza."

Bi Vidole akatoa simu, akafungua mfumo humo. Akiacha, kazi itapewa mwingine kabla ya chakula cha mchana, na huyo mwingine atabonyeza bila hata kuangalia nani amelala wapi. Akaandika Njia. Visanduku vikajipanga vyenyewe vimejaa: Ndoo, Madawati, Vitanda, na Hali ikiwa Imekamilika. Ilibaki kuhifadhi. Nyuma ya mashuka mkunga alikuwa anasema, "Kichwa hicho kimekuja, kimekuja, usiniache sasa, mwanangu."

Kidole kikasimama hewani. Kijani akasubiri, huku akiwatabasamia wageni.

"Msogezeni," Bi Vidole akawaambia wanawake. "Mtoeni njiani. Mlazeni pale kwenye majani."

Hakuna aliyeuliza sababu. Mmoja akashika mabega, mwingine miguu, mkunga akatembea kwa magoti bila kutoa mkono wake, na mashuka yakaenda nao kama nyumba inayohama. Bi Vidole akafuata nyuma. Kisigino cha binti kilikuwa bado kwenye udongo wa njia. Akainama, akakivuta na chenyewe. Kisha akabonyeza.

Njia ikajaa vitanda, madawati na ndoo, vimepangwa safi kutoka mlango wa wodi mpaka barabarani, pasipo nafasi ya kupitisha mguu. Wageni wakapiga makofi. Kutoka upande wa barabara alikuwa anakuja mwanamke ameshika kiuno, analia. Alipokanyaga njia akanyamaza, akanyooka, akawasalimia watu wote mmoja mmoja, akakaa kwenye dawati.

Kwenye majani mtoto akalia.

Ilikuwa sauti kubwa, ya mtu aliyecheleweshwa. Kijani akageuza shingo kuitafuta ilikotoka.

"Yale majani ni ya nani?" akauliza.

"Ya mbuzi, bosi," akasema Bi Vidole, akaenda kumpokea mjukuu wake.

Kijani akachomoa kalamu mfukoni, akaandika kwenye kiganja chake: majani.