Mgonjwa wa Shamba la Maharage

Koplo Deodata alikuwa mwoga, na hakuwahi kumficha mtu jambo hilo. Kwao Nyamigogo, Biharamulo, alikimbia hata kuku mwenye vifaranga. Jeshi likamfanya tabibu wa kikosi, likamvusha mpaka kwenda kulinda amani nchi jirani, na asubuhi hiyo likamtaka aingie kwenye shamba la maharage lililokuwa likimiminiwa risasi kutoka ng'ambo ya bonde. Audax, askari kijana wa Benaco, alikuwa ameanguka humo, mita sitini kutoka handakini. Asingefuatwa, damu ingemwishia.

Ukungu ulikuwa mzito, na sajenti alikuwa ametoa amri: yeyote atakayesikika humo akisema lugha isiyo Kiswahili, apigwe risasi. Waasi walikwisha kuwajia mara mbili wakitambaa ndani ya ukungu, wakinong'onezana kwa lugha yao. Deodata aliitikia, "Ndiyo, afande," akalala kifudifudi, akaanza kutambaa.

Alimkuta Audax paja limefumuliwa. Akamfunga mkanda wa kubana damu juu ya jeraha, akaukaza hadi damu ikakata. Alipoanza kumburuta, maumivu yakamzidi Audax. Kiswahili chote cha shule kikamtoka, akawa anamwita mama yake kwa Kihangaza, lugha ya kwao.

Naye Deodata, aliyelelewa na bibi Mhangaza, akafanya lile ambalo mtu wa kwao angelifanya bila kufikiri. "Humura," alimwambia, yaani usiogope. Akaendelea kumbembeleza kwa lugha hiyohiyo, taratibu, kama anayembembeleza mtoto mwenye homa. Amri ya sajenti ilikuwa imemtoka kabisa kichwani. Na Kihangaza na lugha ya wale waasi ni ndugu wa tumbo moja.

Risasi ikatimua udongo kando ya sikio lake. Ilikuwa imetoka handakini kwao.

Deodata aliganda. Hofu iliyompata hapo ilikuwa nyingine kabisa; alijikojolea, wala hakuona haya. Kumziba Audax mdomo hakuweza, maana alikuwa akitapika, angepaliwa na kufa. Kunyamaza yeye kusingesaidia kitu, kwani Audax hakunyamaza. Kilichobaki ni kupaza sauti kwa Kiswahili, na kupaza sauti ni kuwaonyesha waasi alipo.

Akapaza. Hakujua aseme nini, akasema yale anayoyasema kila siku akikabidhi mgonjwa wodini.

"Mgonjwa ni Audax, mwanamume, miaka ishirini na mitatu," alipiga kelele huku akiburuta. "Jeraha la risasi, paja la kushoto. Mkanda umefungwa saa moja na dakika kumi. Ametapika mara mbili."

Kule ng'ambo ya bonde bunduki zikageukia sauti yake. Majani ya maharage yakawa yanakatika na kumwangukia mgongoni. Alitamani kunyamaza kwa roho yake yote, na kila alipotamani, Audax alimwita mama tena. Basi akaanza upya, jina, umri, jeraha, mara nne nzima, hadi mikono ya wenzake ikawavuta ndani ya handaki.

Frednand, mpiga bunduki kutoka Nyantakara, alisogea akiwa amesawajika.

"Ile ya kwanza ilikuwa yangu, dada," alisema. "Nilisikia ile lugha, nikafyatua."

Deodata alimwekea Audax dripu, akamkabidhi Frednand chupa aishike juu. Alimchukia wakati huo, tena sana, ingawa aliona jinsi alivyoishikilia chupa kwa mikono yote miwili.

"Atapona?"

"Sijui. Damu imekwenda nyingi."

Audax alikuwa bado anaita, sasa kwa sauti ndogo. Frednand aliinama kumsikiliza, kisha akageuza uso pembeni.

"Frednand," alisema Deodata, "siku nyingine ukisikia mtu anamwita mama yake, subiri kidogo."