Mlango wa Jikoni

Katika nyumba ile ya watoto yatima, wageni wa kujitolea waliondokea mlango wa jikoni. Ndivyo ilivyopangwa: watoto walazwe mchana, mgeni abebe begi lake, anyate kati ya masufuria na ndoo za nepi kama mwizi wa kuku, gari limsubiri nyuma. Wakiamka, hayupo. Amani imelindwa. Amani ya nani? Hilo halikuulizwa.

Fundi cherehani aliijua amani hiyo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Yeye alikilalia, utotoni, katika nyumba kama ile nchini kwao. Sura za waliombeba zimemtoka, harufu zao anazo zote: wa sabuni ya waridi, wa tumbaku, wa dawa ya kikohozi. Wote walimpenda mno, wakapiga naye picha, wakatoroka yeye kalala. Nyumba ile ilishavunjwa zamani. Basi uzeeni akafunika cherehani, akavuka mpaka kwenda kujitolea katika nyumba hii, ameapa: mimi sitatoroka.

Wakampa Bonge, mtoto wa kuanza kukaa, mashavu ya kujaza kiganja. Alimlisha, akamwogesha, akamshonea kofia kwa mabaki ya vitambaa. Bonge akawa hapati usingizi mpaka aitafune tepu ya kupimia iliyoning'inia shingoni mwa Fundi. Kabla yake alikuwa akibebwa na nani, Fundi hakuwahi kuuliza.

Ruhusa ya kukaa nchini ikaisha.

"Fundi, kalala. Pita huku," yaya mkuu akanong'ona, kashikilia mlango wa jikoni.

"Mwamshe, dada."

"We mama, una wazimu? Akilia huyu, wenzake wataitikia. Wewe uko zako angani, sisi tumebaki na kwaya!"

"Na alie. Anayeachwa ana haki ya kulia. Mimi waliniibia hata hicho kilio."

Yaya akasonya, lakini akaenda kumwinua.

Fundi akampakata mapajani. "Mwanangu, naondoka. Sirudi tena. Nakwambia machoni." Akangoja. Alishaweka leso mbili mfukoni, moja yake, moja ya mtoto. Bonge alitafuna tepu, macho mazito ya usingizi.

Mlango wa mbele ukafunguka. Akaingia mgeni mpya, binti mwenye begi mgongoni, meno yote nje.

"Jamani, kazuri haka! Naweza kukabeba?"

Bonge akaitema tepu. Akamnyooshea binti mikono yote miwili, anatabasamu.

Yaya hakucheka. "Wengine hulia, mama," akasema taratibu. "Huyu alishahitimu kuachwa kabla hujafika."

Fundi alitoka kwa mlango wa mbele, kama alivyoapa. Alishuka ngazi polepole, makusudi, ametega sikio. Nyuma yake mtoto alikuwa anacheka.