Mtoto Asiyepewa Kisu

Visu vyote vya bucha vilikuwa vya Mdogo. Mkubwa hakuruhusiwa kugusa hata kile cha kumenyea vitunguu. Alibeba mapaja ya ng'ombe mgongoni, akayatundika kwenye ndoano, akapima nyama kwenye mizani, akasugua sakafu. Lakini kukata nyama, thubutu! Mama yao, mwenye bucha, ndiye aliyepiga marufuku, na sababu ilijulikana mtaa mzima. Baba yake Mkubwa alimponda mtu kichwa kwa nyundo, akafia jela. Mdogo alizaliwa na mume wa pili, mwalimu, mtu wa kuomba radhi hata akikanyagwa yeye.

"Ile damu naijua mimi," Mama aliwaambia wateja huku Mkubwa anasikia. "Imelala tu."

Mkubwa akipaza sauti, aliambiwa huyo baba yako anatoka. Akinyamaza, aliambiwa anapanga jambo. Hebu niambieni, mtu kama huyo afanyeje? Na Mdogo alipomvunja mbwa wa jirani miguu kwa shoka, Mama alisema mbwa ndiye aliyeanza. Kwake, Mdogo alikuwa mpole kama maji ya mtungini!

Asubuhi moja mke wa Mdogo alikuja kuchukua mifupa ya supu. Jicho lilikuwa limevimba, mdomo umepasuka, mkono mmoja hauinuki. Mama alimtazama mara moja tu, akajitia kufuta mizani.

"Umeanguka tena, mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

Mkubwa akaweka ndoo chini. "Hakuanguka huyu. Shemeji, twende. Nakurudisha kwenu leo hii."

Mdogo alikuwa kwenye gogo akitenganisha mbavu. "Kaka, mke wangu anakuhusu nini?"

"Ananihusu. Utamuua."

Mdogo aliruka meza, kisu mkononi, akamkamata mkewe nywele na kumbamiza uso ukutani. Jino likadondoka. Alipomvuta nyuma ili ambamize tena, Mkubwa akamdaka Mdogo mkono.

Ole wake! Mama hakuliona jino wala ukuta. Aliuona mkono wa Mkubwa tu, mkono aliokuwa akiuogopa tangu ulipokuwa wa kitoto. Akamrukia kwa nyuma, akamkumbatia kwa nguvu zote, mikono ya Mkubwa ikabanwa mbavuni.

"Mshikeni jamani! Ataua! Damu ya baba yake imeamka!"

Mkubwa alikuwa mtu wa kubeba nusu ng'ombe peke yake. Kumrusha mama yake kusingemchukua hata dakika. Lakini sakafu ilikuwa ya saruji, na mama mwenyewe mtu mzima, mifupa imechoka. Akatulia.

"Mama, niachie. Angalia, ana kisu."

"Kisu chake ni cha kazi!" Mama akazidi kukaza.

Mdogo akamchoma kaka yake chini ya mbavu, pale alipozoea kupitisha kisu bila kugonga mfupa. Akachomoa, akachoma tena. Kila pigo lilimsukuma Mkubwa kifuani kwa mama yake, naye Mama akadhani anafurukuta, akambana vizuri zaidi. Ni mpaka vidole vyake vilipoloa ndipo alipotazama chini. Mkubwa akamponyoka, akaanguka na kumwangusha.

Majirani waliosikia kelele wakaingia mbio, fundi viatu akiwa mbele. Mdogo alikuwa amesimama wima, kisu kinachuruzika. Wakampita. Wote walimwendea Mkubwa, mmoja akamkalia miguu, mwingine akamkanyaga kifundo cha mkono, fundi viatu akamkandamiza mgongoni kwa goti.

"Tulisema sisi! Kaua nani?"

"Mwacheni!" Mama alipiga yowe, akiwavuta mashati. "Hajagusa mtu! Nimemshika mimi, mwanangu, nimemshika mimi achomwe!"

"Tulia, mama, tumeshamdhibiti," fundi viatu akamwambia kwa upole.

Ilibidi mke wa Mdogo, kinywa kimejaa damu, awaonyeshe kwa kidole kule aliko mumewe ndipo waelewe. Walipomwachia Mkubwa, alikuwa ameshakata roho.