Gunia Juu ya Baiskeli ya Ndung'u

Nikuambie kabla sijaanza: mimi si mwizi, na wala mimi si gakunia. Anayesema hivyo aje aniambie usoni, asipite nyuma akinong'ona na wake za watu huko mtoni.

Naitwa Mbuvi. Nafanya kazi kwenye kiwanda cha kahawa cha shamba moja hapa Ruiru. Ndung'u alikuwa mwenzangu hapo hapo. Yeye Mkikuyu, mimi Mkamba, na kilichotuunganisha ni upuuzi wa baiskeli. Watu wengine walinunua baiskeli wabebe maziwa, wabebe kuni, wapeleke wagonjwa hospitali. Sisi tuliendesha tu. Jumapili kanisa likitoka, tunashika barabara ya Thika, tunapita Juja, tunateremka Ndarugu bila breki tukipiga kelele kama wehu, halafu tunapanda ule mlima wa ng'ambo tukihema. Tukifika Chania tunakaa juu ya jiwe, tunakula ndizi, tunatazama maji yakianguka, tunarudi nyumbani. Mtu akituuliza njiani, "Mnaenda wapi?" Ndung'u anamjibu, "Hatuendi popote, tunaendesha." Basi mtu anatikisa kichwa na kutuhurumia.

Tulikuwa tunakwenda sambamba, bega kwa bega, tukipiga domo njia nzima. Yeye alinitania kwamba Mkamba hajui kukanyaga pedali, anajua kupiga mshale tu. Mimi nilimwambia kwamba Mkikuyu akikanyaga pedali anafikiria shamba la mwenzake. Tulicheka. Sijawahi kucheka na mtu hivyo, hata na ndugu zangu wa tumbo moja.

Halafu mwaka wa hamsini na nne, serikali ya Wazungu ikiwasaka watu wa Mau Mau, asubuhi moja malori ya askari yakaingia shambani.

Wakikuyu wote waliamriwa wachuchumae uwanjani, mikono kichwani. Sisi Wakamba tukaambiwa tusimame kando, karibu na mashine. Kisha akashushwa yule mtu. Gakunia, ndivyo Wakikuyu walivyomwita: mtu aliyevikwa gunia kuanzia kichwani hadi magotini, gunia limetobolewa matundu mawili ya macho, ili auone kila uso na uso wake usionekane. Anapitishwa polepole mbele ya watu. Akiinamisha kichwa mbele yako, umekwisha. Unapanda lori, na mke wako hajui unapelekwa wapi.

Askari wengine walikuwa wanarusha baiskeli za Wakikuyu kwenye lori la pili. Niliona ya Ndung'u imeegemea nyuma ya meza za kuanikia kahawa, bado hawajaifikia. Nikajisemea, huyu hana kosa, jioni atakuwa ameachiliwa, na akikosa baiskeli yake atalia kama mtoto. Nikajiondoa pale tulipowekwa, taratibu, nikaikamata, nikaisukuma katikati ya mikahawa, ile miti ya kahawa, mpaka nyumbani kwangu. Kama askari angeniuliza, ningesema ni yangu.

Niliporudi uwanjani, Ndung'u alikuwa ndani ya lori na lori lilikuwa linaondoka. Sikuona gakunia akiinamisha kichwa. Niliambiwa. Hata kumpungia mkono sikumpungia.

Ile baiskeli niliitundika darini kwa kamba mbili, nikaifunika gunia la kahawa isiliwe na moshi. Gunia nililitoboa matundu mawili, kamba zipite. Yangu niliiacha nje ukutani, kuku wakaifanya kiota. Kuendesha niliacha kabisa. Ningeendesha na nani?

Mke wangu Kalondu hakukipenda hicho kitu juu ya kichwa chake. "Baba Syokau," aliniambia mara nyingi, "mwambie Wamboi kwamba iko hapa. Ni ya mume wake, ni mali yake."

"Nikimwambia, kesho itajulikana kijijini kwao, huko walikozungushiwa handaki, na walinzi wa serikali wataichukua," nilimjibu.

"Basi siku moja utaulizwa."

"Na nani? Mimi nimeiba nini?"

"Mimi sijasema umeiba. Nimesema utaulizwa."

Nilimfokea. Mungu anisamehe, nilimfokea mwanamke ambaye alikuwa anaona mbali kuliko mimi.

Miaka minne ikapita hivyo. Siku moja Kalondu akarudi kutoka sokoni na habari: Ndung'u ameachiliwa, yuko kijijini kwa Wamboi, amekonda, haongei sana. Nilisimama hapo mlangoni nikalia, na sikuona aibu. Kisha nikapanda darini.

Ai, hali niliyoikuta! Moshi ulikuwa umepita ndani ya gunia ukaing'ata ile baiskeli. Mnyororo ulikuwa umeshikana ukawa fimbo. Matairi yalikatika vidoleni mwangu. Kila jioni, nikitoka kazini, nilikaa nayo nje mpaka jua lizame. Mnyororo niliulaza ndani ya mafuta ya taa. Kutu niliisugua kwa majivu na mchanga mpaka ngozi ya vidole ikaisha. Nilikwenda Thika kwa duka la Mhindi kutafuta matairi, nikayakataa ya kwanza, nikayakataa ya pili, Mhindi akanikasirikia akaniuliza kama ninamnunulia Gavana. Nikamwambia ni zaidi. Kiti cha ngozi kilikuwa kimepasuka. Nilikipaka mafuta ya ng'ombe kila siku mpaka kikalainika, kikarudi na lile umbo la makalio yake. Kengele ndiyo ilinisumbua kuliko vyote. Niliifungua, nikaifunga, nikaifungua tena, mpaka siku moja ikalia kring, na Kalondu ndani ya nyumba akasema, "Huyo ni Ndung'u kabisa!" Tukacheka wote wawili.

Na kwenye yangu nikawafukuza kuku. Siku ya kwanza kuipanda tena, miguu ilinigomea. Kilima kidogo tu cha kuelekea kiwandani, nikashuka nikakohoa kama mzee. Watoto walinifuata wakishangilia. Lakini nilirudi kesho yake, na kesho kutwa. Nilitaka kitu kimoja tu maishani: nikae tena bega kwa bega na Ndung'u kwenye mteremko wa Ndarugu, tukipiga kelele. Nilikuwa naamini kwamba tukishuka pale mara moja tu, hii miaka minne itatuachia.

Nilimtumia salamu aje Jumapili baada ya kanisa. Sikumwambia kwa nini.

Jumapili hiyo niliiegemeza baiskeli yake ukutani karibu na mlango, nikaifunika lile gunia lake la siku zote. Kalondu alikuwa anapika chai.

"Toa hilo gunia," alisema.

"Wacha. Nataka afunue mwenyewe."

"Baba Syokau, si zuri."

"Wewe kila kitu kwako si kizuri!"

Nilimwona Ndung'u tangu mbali, kwenye njia ya mikahawa. Alikuwa anatembea kama mtu anayehesabiwa. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, na koti la zamani lilimning'inia. Nilipaza sauti, "Mkikuyu! Leo hatuendi popote!" Akatabasamu. Nakuapia, alitabasamu, lile tabasamu lake la upande mmoja. Akaharakisha hatua, akaingia uani.

Unajua baiskeli iliyoegemezwa vibaya inavyofanya. Gurudumu la mbele linageuka lenyewe, na usukani unaanguka upande. Ndivyo ilivyofanya. Chini ya gunia usukani uligeuka, na gunia lote, na matundu yake mawili yaliyokuwa yamekaa juu pale, likainama mbele ya Ndung'u.

Akachuchumaa. Hakupiga kelele, hakuanguka. Alichuchumaa tu pale uani kwangu, akaweka mikono kichwani, akatazama chini.

Kalondu aliangusha kikombe. Mimi nilikimbia nikalivuta lile gunia. "Ni baiskeli! Ndung'u, ni baiskeli yako! Tazama! Hakuna mtu hapa!" Nikapiga kengele, mpumbavu mimi, nikaipiga tena na tena, kring, kring, kama mtu anayembembeleza mtoto mchanga.

Akashusha mikono polepole. Alitazama baiskeli. Alitazama kiti chake cha ngozi, matairi mapya, kengele. Kisha akatazama gunia mkononi mwangu, akatia kidole kwenye tundu moja.

"Haya uliyatoboa wewe?" aliniuliza.

"Ya kamba. Niliitundika darini. Kalondu, si ni ya kamba?"

"Ni ya kamba," Kalondu alisema. Sauti yake ilikuwa inatetemeka, na ukweli ukitetemeka hufanana na uongo.

"Uliipata lini?" Ndung'u aliuliza.

"Siku ile ile. Askari walikuwa wanazichukua zote. Nilikuibia wewe kutoka kwao!"

"Siku ile." Hakukitoa kidole tunduni. "Nilipokuwa nimechuchumaa niliwatafuta kwa macho ninyi mliosimama kando. Nilisema, nikimwona Mbuvi nitapata nguvu. Niliwaona Wakamba wote wa kiwanda. Wewe hukuwepo."

"Nilikuwa na hii! Nilikuwa mikahawani naisukuma hii!"

"Hukuwepo," alisema, "halafu gunia likaja."

Damu ilinipanda. Nilimwambia maneno ambayo hata sasa yananichoma. Nilimwuliza amekula nini huko kizuizini kilichomwondoa akili. Nilimwambia kwamba mtu akinifikiria hivyo, afadhali asingerudi. Nilisema hivyo, kwa mdomo huu huu. Kalondu alinishika mkono, nikamsukuma.

Ndung'u hakukasirika. Ingekuwa afadhali angenipiga.

"Kule kambini," alisema, "hatukuwa na kazi nyingine jioni ila kuuliza ni nani aliyetuuza. Wazee walituambia: ukifika nyumbani usiulize mtu. Tazama kitu chako kiko kwa nani. Mimi nilibishana nao, Mbuvi. Nilisema kwetu Ruiru hakuna mambo hayo. Nilifika nikamwuliza Wamboi baiskeli iko wapi, akasema serikali iliichukua. Nilifurahi. Unanielewa? Nilifurahi kwamba ni serikali."

Kalondu alianza kulia.

"Ipande," nilimwambia mwishowe. "Twende Chania. Tushuke Ndarugu mara moja tu, halafu useme unachotaka."

Alitazama barabara kwa muda mrefu. Niliona anataka. Mkono wake ulikwenda mpaka kwenye usukani, dole gumba likagusa kengele bila kuiliza. Kisha akautoa.

"Nikikuacha nyuma yangu, nitakuwa nageuka geuka," alisema. "Nikiwa nyuma yako, nitakuwa natazama mgongo wako nikiupima ndani ya gunia. Na sambamba siwezi tena. Tutaendaje?"

Akanichukulia gunia mkononi, kwa adabu, kama mgeni anayepokea kitu. Akalikunja mara mbili, akalitia kwapani. Baiskeli akaiacha. Akamwambia Kalondu asante kwa chai ambayo hakuinywa, akarudi njia ile ile ya mikahawa.

Jumapili iliyofuata niliamua. Nilipanda yangu, na ile yake nikaishika usukani kwa mkono mmoja, nikaikokota kando yangu mpaka kijijini kwao. Mlinzi wa langoni alinizuia. Wamboi akaitwa, akasimama ng'ambo ya handaki.

"Amesema hamjui mtu wa baiskeli," aliniambia, kisha akatazama chini. "Nenda nyumbani, baba. Gunia ameliweka juu ya kitanda. Analitazama mchana kutwa."

Nilikaa pale barabarani sijui muda gani. Watu walikuwa wanatoka kanisani, wanapita kando yangu, wanapunguza sauti. Nikajitazama kwa macho yao: Mkamba mmoja, hajawahi kufungwa, ameshiba, amesimama nje ya kijiji cha watu waliorudi, ana baiskeli mbili, na moja inajulikana ni ya nani. Imetengenezwa vizuri mno. Inang'aa.

Kama ningekuwa ninapita, hata mimi ningesema ndiye huyo.