Vidole vya Miguu

Saa tano na dakika mbili asubuhi: mtoto wa kike, kilo tatu na robo, mzima, hayo mkunga ameshayaandika, kilichobaki ni kumshona mama yake, nyuzi nne, labda tano, kisha chai, na kwa mtu aliyesimama tangu alfajiri chai ile ilikuwa ikimwita kwa jina, akavuta kigoda, akasogeza taa, na mama mkwe wa mzazi, aliyesimama kichwani pa kitanda amempakata mjukuu, akasema shona tu, mwanangu, wanawake wa kwetu hawalii, mimi nimezaa saba na hata panya wa darini hakushtuka... mkunga akacheka, maana ni kweli, watu wa kwao wale hawalii, wodi nzima inajua, miaka kumi na mmoja anawashona bila ganzi na hajasikia hata guno, dawa yenyewe ya kubanabana, chupa moja kwa wiki, basi unawapa wenye kelele na hawa unawaachia mila yao, ni heshima pia, si ndivyo alivyosema yule bwana wa tai kwenye semina Jumanne, kwamba kila watu wana haki kwa kadiri ya mila zao, asije mgeni kuwapimia kwa kibaba chake, na yule mama wa miwani akamjibu kwamba haki ni moja kwa wote kama jua, wakavutana mpaka vikombe vikapoa, yeye nyuma kule akisinzia, akiona wote wawili wanasema vizuri... akashika sindano ya kushonea, akainama, ndipo alipoviona vidole vya miguu, vimekunjwa kumi vyote kama ngumi, na hata hajamgusa, uso juu kule umetulia kama maji ya mtungini na vidole huku vimejikaza, vidole hivi ameviona wapi, kwa baba, ndiyo, baba alipong'olewa jino akasema si kitu huku kandambili zimemtoka, na vyake mwenyewe siku ya kifungua mimba wake, alipopiga yowe mpaka mlinzi wa getini akaja kuuliza kuna nini, mama yake anamcheka hadi leo, lakini ganzi alipewa, alipewa kwa sababu ya lile yowe... kumbe dawa humfuata mwenye koo, na wale wengine wote amewaandikia kwenye faili neno moja, mtulivu, kwa wino wa bluu, akijiona anawaheshimu, na kumbe mila yao ilikuwa ya mdomo tu, haikuwahi kushuka hadi miguuni, na huyo mgeni wa kibaba alikuwa nani kama si yeye, kwenye kigoda hiki hiki... swali lenyewe fupi, maneno mawili, na miaka yote hajawahi kuliuliza, si kwa bibi wa mtoto, kwa mwenye mwili, akisema hataki nayo ni yake, hakuna wa kumlazimisha, lakini aulizwe.

“Mdogo wangu, utaumia. Unataka ganzi?”

Mzazi akamtazama mama mkwe, akatazama dari, akatazama tena chini alipokaa mkunga, na mkunga akangoja, akashangaa kwamba chai imemtoka kichwani, kwamba anaweza kungoja hivi hadi adhuhuri na moyo wake mweupe...

“Nataka, dada.”

Sauti ndogo, lakini chumba kizima kimeisikia, sasa bibi atawaka, mkunga akawaza, atasema mnatuharibia watoto, akatayarisha jibu la yule mama wa miwani, jua na nini, akaona halifai, akaliacha, na bibi alimhamisha mjukuu kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, taratibu, kama mtu anayehesabu.

“Mpe,” akasema. “Mimi kwa wote saba sikuulizwa.”

Saa tano na dakika sita mkunga alivuta dawa kutoka kwenye chupa, akachoma. Saa tano na dakika tisa vidole vilikunjuka, kimoja baada ya kingine. Uzi wa kwanza ulikuwa bado haujapita.