Kartoni Nyekundu

Mimi Mbayo nimekaa mapokezi ya kituo chetu cha afya, hapa Kamina, miaka kumi na moja, na sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia Gamaliel wiki ile.

Kwetu mgonjwa hubeba fiche yake, ile kadi ya matibabu, mwenyewe. Anaipokea dirishani kwangu, anavuka ua mbele ya mabenchi yote, anampelekea daktari. Gamaliel, msimamizi wetu mpya, anajua hivyo vizuri sana. Hata hivyo Jumatatu alileta kartoni nyekundu akaniamuru nizifunike fiche za wanaotumia dawa za ukimwi.

"Tutaziona mbio mu kabati," akasema. "Iko rangi tu, mama."

Rangi tu! Niligomba mpaka sauti ikanikauka. Akaniambia nifanye kazi au nirudi kulima mihogo. Nikafanya, na mpaka leo linaniuma.

Kufikia Jumatano kila aliyekaa benchini alishajua maana ya nyekundu. Alhamisi akaja Laetitia. Miaka minne amechukua dawa zake, mumewe anajua, ukoo wa mume haujui. Nikamsukumia fiche. Hakuigusa.

"Dada Mbayo, mama-mukwe yangu iko palepale pa banc," akanong'ona, akinionyesha benchi la mbele kwa macho. "Nikikamata ile, batanifukuza leo."

Akaondoka bila vidonge.

Mchana ule sikula. Nilikata kartoni yote iliyobaki, nikafunika kila fiche ya kabatini: za malaria, za wajawazito, za meno, mpaka ya Gamaliel, ambaye Ijumaa alikuwa apimwe presha.

Asubuhi alikuwa wa kwanza dirishani. Aliipokea huku anaongea na simu, akavuka ua. Wanawake mabenchini wakaikodolea fiche yake. Mmoja akajisogeza pembeni. Gamaliel akatazama mkononi mwake, akarudi mbio jasho likimtoka.

"Weye Mbayo, unanifanya nini? Bantu batawaza nini juu yangu?"

"Iko rangi tu, papa."

Nikafungua kabati aone nyekundu kutoka juu mpaka chini. Foleni ilikuwa inasubiri, nikaanza kugawa. Wa tatu alikuwa mama-mkwe wa Laetitia, shavu limevimba kwa jino. Akavuka ua na nyekundu yake kwapani, kama wengine wote.

Jumatatu Laetitia alirudi. Alisimama kidogo akitazama fiche nyekundu mabenchi yote, kisha akanyoosha mkono kupokea yake.