Nyumba Iliyochelewa Kukucha

Kengele ya mapumziko ilipogongwa katika shule ya jirani, msusi alikuwa bado amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono yake miwili imezama kwenye beseni la maji ya moto, akingoja kukuche. Nje jua lilikuwa kali. Mama wa nyumba ya pili alikwisha kuanua nguo za kwanza na alikuwa anaanika za pili. Ndani ilikuwa alfajiri. Kulikuwa na kigiza cha buluu na kibaridi cha kuvutia shuka, na saa ya ukutani ilikuwa imesimama kwenye kumi na moja na nusu, kama ilivyosimama kila siku tangu vidole vyake vianze kukaza.

Jambo lenyewe lilianza taratibu, kama mambo mengi ya nyumbani. Vidole viliamka vimekaza, na asubuhi ikavingoja. Mwanzoni ilivingoja muda wa kuchemsha chai. Baadaye ikavingoja mpaka watoto wa shule wakapita, halafu mpaka maduka yakafunguliwa. Vidole vilipolegea, mwanga uliingia wote kwa mpigo na mishale ya saa ikaruka kwenda kuungana na wenzao wa mjini. Alfajiri hiyo haikuvuka kizingiti. Aliyetoka alikutana na jua la kila mtu, na kama alikuwa amechelewa kazini, alikuwa amechelewa.

Hakuna aliyeshangaa. Mume wake alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala la vigae, na kwa miaka mingi alilala mchana na mto usoni, akigeuka huku na huku kama chapati isiyoiva. Sasa alirudi, akavua buti, akalala gizani kama binadamu wengine. Akanenepa. Wifi wa msusi, dada wa mume, aliyekuwa na mtoto mchanga asiyejua usiku wala mchana, akaja na mkeka wake. Mwalimu wa zamu ya mchana, rafiki wa mume, akaja na shuka. Kila mtu anajua kuwa usingizi wa alfajiri ndio usingizi. Mwingine wote ni kufumba macho tu. Basi wakaja na wengine. Walipiga hodi, wakasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," wakachagua pa kujinyoosha, na baada ya muda mfupi sebule yote ilikuwa inakoroma. Mwenyeji peke yake ndiye aliyekuwa macho, akisukuma sufuria ya maji kwa viganja kwa sababu vidole havikushika mpini.

Huko nyuma wanawake walitoka mbali kumfuata kwa misuko midogo midogo, ile ambayo mtu akiitazama anadhani imechorwa. Sasa wateja walikaa nje juani wakimsubiri, wakachoka, wakaenda kwa wengine. Waliovumilia aliwasuka alasiri, na hata hapo aliwasuka twende kilioni, mistari minene ya kurudi nyuma ambayo hata mtoto wa darasa la nne anaiweza. Wengine walitazama magamba meupe kwenye viwiko vyake na ukingoni mwa nywele zake, wakauliza kwa mzaha kama vitana vinaoshwa. Mzaha huo ulimuuma kuliko vidole.

Alikwenda zahanati ya mtaani. Nesi alikuwa mama mnene asiye na haraka. Alivishika vidole kimoja kimoja, akatazama kucha zilizojaa vitobo, akatazama viwiko.

"Hii ni baridi yabisi," alisema. "Ni ndugu ya hiyo soriasisi ya ngozi. Zinatembea pamoja. Na anayekwambia inaambukiza, mwambie aje kwangu nimtukane."

"Inapona?"

"Inazuilika. Hiki kidole cha mwisho cha kushoto kishajikunja, ndiyo basi tena. Hivi tisa bado ni vyako. Huu ugonjwa ni kama mchwa, mama. Ukiuwahi, mlango unabaki. Ukichelewa, inabaki rangi ya mlango. Dawa zipo, ila anayeziandika ni daktari bingwa wa viungo, na anakuja hospitali kuu Jumanne moja kwa mwezi. Kadi zinapokelewa saa moja asubuhi mpaka saa tatu."

"Na asiyeweza kufika asubuhi?"

Nesi alimrudishia mikono yake taratibu, kama anayerudisha vyombo vya watu. "Kliniki ya viungo vinavyokaza asubuhi inafunguliwa asubuhi," alisema. "Mimi sikuipanga."

Jumanne ilipofika, msusi aliamka akiwa na nia. Alitia gauni kichwani, likabaki wazi mgongoni. Sebuleni watu walikuwa wamelala bega kwa bega. Alimtikisa mume wake kwa kiwiko.

"Baba, amka unifunge vifungo. Leo ni kliniki."

"Bado giza," mume alisema, akageukia ukutani.

"Nje kumekucha. Nasikia magari."

"Basi ngoja kukuche na humu."

Alimwendea wifi. Wifi alifumbua jicho moja, akaonyesha mtoto aliyelala, akaweka kidole mdomoni. Alimwita mwalimu. Mwalimu alisema, "Naam, shemeji," kwa heshima zote, bila kuamka. Basi akajitanda khanga kufunika mgongo, akaruka miguu ya watu mpaka mlangoni. Mlango ulikuwa na komeo la chuma. Alilisukuma kwa kiganja, kwa kifundo cha mkono, kwa meno. Upande wa pili wa ubao alisikia barabara, kila gari likienda mjini, na machozi yalimtoka kwa hasira, kwa sababu lile lilikuwa komeo lake mwenyewe na alilifungua kila siku ya Mungu. Lilifunguka vidole vilipotaka. Mwanga uliingia, watu wakajinyoosha, wakamsifu.

Alifika hospitali mchana. Dirisha la kadi lilikuwa limefungwa. Daktari bingwa alikuwa koridoni na mkoba wake, anaondoka.

"Funga ngumi," alisema bila kusimama vizuri. "Fungua. Mbona mikono mizuri hii? Njoo asubuhi nikuone ikiwa imekaza."

"Asubuhi ilikuwa imekaza, daktari. Ndiyo maana sikuja."

"Basi uwahi," alisema daktari, na alikuwa na haki ya kusema hivyo, kwa kuwa kila kitu pale ukutani kilisema hivyo. Juu ya dirisha la kadi palikuwa na bango lililoandikwa: *Usipoziba ufa utajenga ukuta.*

Mwezi uliofuata msusi alisema atakwenda kulala huko huko, kwenye benchi la kliniki, ili asubuhi imkute mlangoni. Mume alikuwa anafunga kamba za buti, anajiandaa kwenda ghalani.

"Na mimi nikirudi nitalala wapi?"

"Hapo hapo."

"Na mwanga?" Akakaza fundo. "Hiyo dawa ukipewa, humu kutakuwa kunakucha saa ngapi?"

"Saa ya watu wote."

Aliifungua kamba aliyokwisha kuifunga, akaifunga tena. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyelala vizuri kwa mara ya kwanza tangu aoe. "Mvumilivu hula mbivu, mke wangu," alisema.

"Hizo mbivu nitazimenya kwa mikono ipi?"

Zamu ya mume ilikuwa imefika, akaondoka.

Benchini aliwakuta wenzake. Palikuwa na dereva mwenye goti bovu. Alfajiri yake ilikuwa ndogo, haikuzidi uvungu wa benchi, na paka wa hospitali aliipenda. Palikuwa pia na mama mmoja ambaye vidole vyake vyote vilikuwa vimekunjana na kushikana, mikono imekuwa ngumi mbili.

"Yangu ilikuwa inafika mpaka adhuhuri," mama huyo alimwambia msusi. "Watu walilala mpaka jikoni."

"Na sasa?"

"Sasa kunakucha kama kwa watu. Vidole vikishashikana, asubuhi haina cha kungoja." Alijisogeza ampishe akae vizuri. "Mimi ningekuwa wewe, nisingefurahi siku kutakapokucha mapema."

Msusi alilala ameegemea ukuta. Alipoamka vidole vilikuwa vimekaza kuliko siku zote, na alfajiri ilikuwa imeshika ukumbi wote wa kliniki, kutoka lango la wagonjwa mpaka mlango wa daktari. Saa ya ukumbini ilikuwa imesimama kwenye kumi na moja na nusu. Wagonjwa waliokuwa wanaingia kutoka juani walipiga miayo, wakakaa, wakalala. Karani wa kadi alifika, akaweka chakula chake chini ya meza, akatazama saa.

"Bado," alisema.

"Ndugu karani, nje kumekucha zamani. Wewe mwenyewe umetoka juani."

"Dada yangu, mimi nafuata saa ya ofisi. Ikifika saa moja nitafungua." Akalaza shavu kwenye meza, nyuma ya kioo, akapitiwa.

Mwisho wa ukumbi mlango wa daktari ulikuwa wazi. Chumbani mwake kulikuwa na jua, na yeye alikuwa amekaa anachezea kalamu, akitazama saa ya mkononi. Msusi alikwenda. Visigino vilimuuma kama anakanyaga kokoto. Alisimama kizingitini, akanyoosha mikono: vidole vimevimba, vyekundu, havikunjiki wala havikunjuki.

Daktari aliitazama kwa mara ya kwanza kwa makini. "Ndiyo," alisema. "Hivi ndivyo inavyotakiwa kuonekana. Hii bado tunaiwahi. Kadi iko wapi?"

"Karani amelala."

"Bila kadi hakuna faili, mama, na bila faili siwezi kuandika dawa. Mwamshe, nipo."

Alirudi mbio, mbio za visigino vile. Aligonga kioo cha dirisha, lakini mkono usioweza kufunga ngumi haugongi, unapapasa tu. Aligonga kwa kiwiko. Aliita. Watu benchini walimwambia "Shhh" kwa upole, macho wameyafumba. Yule mama wa ngumi mbili alikuja akamsaidia, akabamiza kioo kwa nguvu zake zote, na karani akatabasamu usingizini kama mtu anayeota harusi. Kule mwisho daktari alisimama, akaketi, akasimama tena. Msusi alivisihi vidole vyake kimoyomoyo, kwanza vilegee ili kukuche, kisha visilegee kwanza, kwa maana hakujua tena lipi lingemfaa.

Vikalegea. Mwanga ukaingia ukumbini, mishale ya saa ikaruka mpaka saa tano, na karani akaamka, akajinyoosha, akatazama saa, akaweka kibao dirishani: *Mwisho wa kupokea kadi.*

Daktari alipita na mkoba wake. "Wangapi leo?" alimuuliza karani.

"Hakuna aliyeandikishwa, daktari."

"Basi andika hivyo. Naona ugonjwa huu umepungua huku. Nitakuwa nakuja kila baada ya miezi mitatu." Alimpita msusi, akatazama mikono yake iliyolegea, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Wagonjwa walikunja khanga zao wakamshukuru msusi kwa usingizi. Dereva alimuuliza kama na Jumanne ya kliniki ijayo atakuja.

Mwezi mmoja baadaye, asubuhi ya siku isiyo na jambo, mwanga uliingia nyumbani mapema. Kengele ya mapumziko ilikuwa haijagongwa. Watoto walikuwa bado wanaimba darasani. Sebule nzima ilikurupuka. Mtoto alilia. Mwalimu alikaa akijikuna, akasema, "Shemeji, leo vipi tena?" kwa sauti ya mtu aliyepunjwa.

Msusi alitoa mikono kwenye beseni. Vidole vingine vilikuwa vimelegea. Cha shahada cha mkono wa kulia, kile kinachogawa nywele, kilikuwa kimejikunja. Alikivuta kwa mkono wa pili, hakikuja. Hakikuuma sana. Alikaa akikishika, akiziwaza ngumi mbili za yule mama wa benchini, kama mtu aliyesikia mwizi yumo ndani.

Mume alikuja mlangoni, amekinga macho kwa kiganja. Aliitazama saa, akamtazama mke wake, akajitahidi kufurahi.

"Hongera, mke wangu," alisema. "Naona umeanza kupona."

Kisha akamwomba dada yake blanketi zito, akapanda juu ya kiti, akalitundika dirishani.